Kiti cha Baba Ndani ya Mashua

Neno ninalolichukia kuliko yote ndani ya mashua ni "kidogo." Umeumia? Kidogo tu. Damu inatoka? Kidogo. Mtu amebabuka kiganja mpaka nyama nyekundu inaonekana, anakificha kwapani kama mwizi wa mahindi, na bado anakuambia ni kidogo, kwa sababu ziwa lenyewe ng'ambo yake inaonekana na hakuna aliyezama. Nimeishi na mashua ya tanga hapa Naivasha miaka kadhaa sasa. Nimeosha vidonda vidogo vingi mno, na karibu vyote vingezuilika kama watu wangekuwa na masikio.

Mashua tuliachiwa. Mume wangu ni fundi wa injini za boti zinazobeba watalii, na mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwambia aichukue ile mashua ya tanga iliyokuwa imelala juu ya mawe nyuma ya karakana, nyasi zimeota ndani. Nilidhani ataiuza. Badala yake aliiziba nyufa, akatafuta tanga la mtumba, akajifunza kuiendesha kwa kuanguka majini na kuuliza waliomtangulia. Mimi nilijifunza kwa kumfuata. Mashua ile inataka watu wawili, mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kamba ya tanga, na mimi si mwanamke wa kukaa nyumbani nikingoja kuletewa habari. Jumapili baada ya kanisa tunabeba marafiki, majirani, na mara nyingine wageni kutoka Nakuru wanaotaka kupigwa picha.

Hao wa picha ndio wa kwanza kuniudhi. Unawapa kamba ya tanga waishike, unageuka, ukirudi unakuta wameizungusha mkononi kama kamba ya ng'ombe. Najua walikojifunza, maana hata mimi nililelewa hivyo: ukimpeleka ng'ombe mtoni unajifunga kamba ili asikutoroke. Lakini ng'ombe akikuvuta utaburutwa kwenye nyasi, basi. Upepo ukilivuta tanga, kamba inakaza vidole na kuondoka na ngozi. Kamba unaishika tu, ili uweze kuiachilia. Na uvae glavu. Mimi natumia zile za ngozi wanazovaa wanaokata maua ya waridi kwenye mashamba ya hapa, na hakuna zinazofaa zaidi.

Kijana mmoja alinicheka kwa sababu ya hizo glavu. Akashika kamba mikono mitupu, tena karibu kabisa na kapi, lile gurudumu dogo la chuma ambalo kamba hupitia. Nilimwambia asogeze mkono nyuma, angalau umbali wa kiwiko. Upepo ukavuma, kamba ikakimbia, na kidole gumba kikaingia nayo kwenye kapi. "Mathe, niko poa," aliniambia huku jasho linamtoka puani. Ukucha uligeuka mweusi kabla hatujafika ufukweni. Sikumhurumia. Nilimfunga kitambaa, nikamwambia akanywe soda, kisha nikaenda kukaa peke yangu mpaka hasira ziishe.

Halafu kuna miguu. Watu wakiona maji wanavua viatu. Ndani ya mashua kuna vyuma vya kufungia kamba vimetokeza kila mahali, na kidole cha mguu kikigonga pale utaona nyota mchana. Hilo bado ni afadhali. Sisi tulikuwa tunaishi Kihoto, mtaa wa kando ya maji, mpaka ziwa lilipoingia jikoni bila kubisha hodi na kukataa kutoka. Tulihamia juu, kama wengi, lakini ploti zetu bado ziko kule chini ya maji: nguzo za ua, seng'enge, mabati yenye kutu, misumari ya milango ambayo hakuna aliyepata muda wa kuing'oa. Mtu anaruka kutoka kwenye mashua akidhani anakanyaga mchanga, kumbe anakanyaga ua wa jirani yangu. Nimewapeleka watu wengi kudungwa sindano ya pepopunda, na kila mmoja alikuwa amesikia nikisema viatu, viatu, viatu.

Lakini hayo yote si kitu mbele ya boriti.

Mlingoti umesimama katikati ya mashua, na kutoka shina lake kuna mti mwingine uliolala kuelekea nyuma, umeshikilia tanga kwa chini. Huo ndio sisi tunauita boriti. Upepo ukihamia upande mwingine, boriti nayo inahama, inafagia juu ya mashua kutoka kulia hadi kushoto kabla hujamaliza kutaja jina la Yesu. Wanaokaa chini inawapita juu. Anayesimama, au aliyeinua kichwa kuangalia ndege, inampata. Dawa yake ni kukaa chini, na ukiambiwa uiname, uiname kwanza ndipo uulize kwa nini.

Na kuinama ndiko kunakotushinda, kwa sababu sisi ni watu wa heshima. Heshima hiyo nimeiona ikimpiga mzee mmoja wa kanisa letu. Mume wangu alikuwa kwenye usukani, akaona upepo unahama, na badala ya kupiga kelele akaanza hotuba: "Samahani mzee, kama haitakusumbua, naomba uiname..." Boriti haikungoja hotuba iishe. Mzee alishuka mashuani na nundu juu ya sikio, akatuombea baraka hivyo hivyo, na mume wangu akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Tuligombana siku ile. Nilimwambia neno ni moja tu, "Chini," na lisemwe kwa sauti ya kumfukuza mbwa. Akasema mtu wa umri ule haambiwi chini. Nikamwambia heshima si utumwa, na wala si kumwacha mtu apasuke kichwa. Akasema sielewi alivyolelewa. Naelewa sana, maana hata mimi nililelewa hivyo hivyo. Tulifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini methali ya mkuu asiyesikia la mdogo sijawahi kuisikia, na mashuani huyo ndiye anayevunjika.

Hapo ndipo baba yangu alipopiga simu kwamba anakuja.

Baba analima viazi Kuresoi. Ni mrefu, mgongo umenyooka mpaka leo, na hasira zangu nilizirithi kwake. Alikuwa ameugua mguu, ukavimba ukawa mzito, tukampeleka hospitali Nakuru, wakakuta damu imeganda kwenye mshipa. Tangu siku hiyo anameza dawa ya kuzuia damu isigande. Daktari alinivuta kando kwenye baraza la wodi akaniambia huyu mzee asianguke hovyo, na akigonga kichwa, hata kama hakuna jeraha, nimlete mara moja, kwa sababu anaweza kuvuja damu ndani na hakuna atakayeona. Nundu ambayo mzee wa kanisa alikwenda nayo nyumbani akanywa chai, kwa baba yangu ingeweza kuwa jeneza.

Kwa hiyo nilimwambia mashua ataiona ufukweni. Akaniambia hawezi kusafiri kutoka Kuresoi kuja kuangalia meli ikiwa nchi kavu. Alikuwa amekwisha kuwatangazia watu wa kwao kwamba mkwe wake ana meli, na baba mdogo, ndugu yake, angekuja naye kuwa shahidi. Nilimkumbusha dawa. Akasema dawa anazimeza, mimi nataka nini zaidi.

Walikuja asubuhi ya Jumamosi, baba amevaa ile kofia yake ya kanisani na mabarazani. Kabla hawajafika nilimwapisha mume wangu mambo mawili: baba akae sakafuni, mgongo kwenye ubavu wa mashua, na upepo ukihama, apige kelele kama mwenye wazimu. Akakubali. Nikaenda kuleta jaketi za kuelea na maji ya kunywa. Niliporudi nilikuta kiti cha plastiki, kile cheupe cha sebuleni kwangu, kimefungwa katikati ya mashua kwa mipira ya tyubu. Na juu ya kiti, baba.

Nilimvuta mume wangu nyuma ya karakana.

"Ni baba mkwe," alisema. "Nimkalishe chini kama mtoto?"

"Mkalishe chini kama mtu ninayemtaka hai."

Akajikuna shingo, na sijui kama kuna kitu kinachonikasirisha kuliko mwanamume mzima anayejikuna shingo. Nikamwacha pale nikaenda kwa baba mwenyewe. Nilimwomba kwa adabu zote nilizo nazo ashuke kwenye kiti. Nilimwonyesha boriti, nikaisukuma kwa mkono aone inavyopita, na inavyopita sawasawa na utepe wa kofia yake. Alinijibu kwamba amekalia viti mbele ya machifu na maaskofu, hatakuja kukaa sakafuni kwa mkwe wake, ndugu yake akiona. Baba mdogo akatikisa kichwa kuunga mkono. Jaketi walilikubali haraka, kwa sababu walisema linafanana na la polisi.

Ningeweza kukataa kwenda. Nililifikiria hilo. Lakini mimi nikibaki, kamba angeshika baba mdogo, aliyekuwa anaiangalia kama kamba ya ng'ombe. Nikaingia, nikakaa chini karibu na goti la baba.

Ilikuwa asubuhi nzuri, wanavyosimulia wao. Mimi sikuiona. Maji yalikuwa yametulia, tukapita kati ya migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini, ndege weusi wamekaa juu yake wakikausha mabawa, na baba anauliza maswali ya upepo kama anayeuliza bei ya trekta. Mume wangu anajibu "ndiyo mzee," "hapana mzee," uso unang'aa. Nadhani ilikuwa siku ya kwanza tangu anioe ambapo baba alizungumza naye bila kumpima. Mimi macho yalikuwa kwenye uzi mwekundu tuliofunga mlingotini kuonyesha upepo unatoka wapi. Nilikuwa na hasira mpaka meno yaliniuma. Niliwachukia wote watatu kwa kufurahi.

Hapa upepo wa maana huja mchana. Nilimwambia mume wangu tugeuke mapema, na nitamshukuru kwa hilo, aligeuka. Lakini tulipogeuka upepo ukawa nyuma yetu, na hapo ndipo boriti ni mbaya kuliko popote, kwa sababu tanga limefunguka lote upande mmoja na upepo ukipenya nyuma yake kidogo tu, linarushwa lote upande wa pili. Nilimwambia baba tena ashuke kwenye kiti. Alinipapasa begani, akaniambia nimekuwa mwoga kama mama yangu.

Uzi mwekundu ulilegea, ukageuka. Ukingo wa tanga ukatetemeka. Nilimtazama mume wangu na nikaona naye ameona, mdomo umefunguka.

"Mzee," alisema, "samahani, naomba..."

Nilimkamata baba kwenye shingo, nyuma, kwa mkono wangu wote, nikamsukuma chini kwa nguvu zangu zote. Kiti kikapinduka. Boriti ikapita, ikachukua kofia, na ikanigonga mkono juu kidogo ya kifundo, kwa sababu mkono wangu ndio ulikuwa umebaki pale kichwa chake kilipokuwa. Kilio cha mfupa wangu nilikisikia masikioni. Mashua ikayumba, maji yakaingia upande mmoja, mume wangu akaukamata usukani, ikatulia.

Baba alikuwa amepiga magoti sakafuni, viganja kwenye maji machafu ya mashua, mbele ya mkwe wake na mbele ya ndugu yake.

Nilipitisha mkono wangu mzima kichwani mwake, nikazitenganisha nywele zake nyeupe nikitafuta alama, nyuma, pembeni, juu ya masikio. Hapakuwa na kitu. Hakugonga popote. Aliutoa mkono wangu kichwani mwake akaniambia nisimshike. Mume wangu alikuwa anasema pole mzee, pole mzee, pole sana mzee. Baadaye sana, tulipokaribia ufukweni, ndipo alipouona mkono wangu ulivyovimba.

"Umeumia?"

"Sana," nilimwambia.

Baba hakula. Nilikuwa nimechinja kuku, nimekanda chapati tangu alfajiri, na alipita karibu na meza kama anayepita karibu na kaburi la mtu asiyemjua. Waliondoka, baba mdogo amebeba mfuko wa viatu vyake vilivyolowa. Mimi nilipelekwa kupigwa picha ya mfupa, ukaonekana ufa mwembamba, nikawekwa plasta. Mtu wa plasta aliniambia nina bahati, ni ufa kidogo tu. Nilimwangalia mpaka akashughulika na mkasi wake.

Halafu simu zikaanza. Shangazi aliuliza kama ni kweli nilimpiga baba. Mwingine alikuwa amesikia nilimshika shingo kama mbuzi anayepelekwa machinjoni, na hilo sikuweza kulikana. Walinishauri nipande Kuresoi na blanketi na sukari, nikaombe msamaha kabla neno halijawa laana. Nikiwaeleza habari ya dawa na damu na maneno ya daktari, wanasema ndiyo, ndiyo, lakini ungemwambia polepole. Hata mume wangu alilisema hilo, kwenye meza yangu, akila chakula nilichopika kwa mkono mmoja. Nilimwambia polepole ndiyo iliyokuwa mdomoni mwake wakati boriti inakuja. Sikuongea naye tena mpaka alipokuja mwenyewe kuniambia kwamba nilisema kweli, na hata hapo nilimjibu kwa kichwa.

Tangu siku ile sheria ni zangu. Hakuna anayeingia mashuani kabla sijamkalisha chini ufukweni, kwenye nyasi, nikampigia kelele "Chini" mara moja usoni, naye akainama. Awe mchungaji, awe mwalimu mkuu, awe shemeji. Tunatukanana tukiwa nchi kavu, ili majini mtu asione ni matusi mapya. Mume wangu naye nilimfanyisha mazoezi ya kupiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Asiyetaka kuinama anabaki ufukweni kulinda viatu vya wengine, ingawa viatu vyenyewe hawavui siku hizi. Wapo walioondoka wamenuna. Mimi nawapungia mkono.

Kuresoi sikwenda. Blanketi sikununua. Mama alinipigia kuniambia baba anakula vizuri, anameza dawa, lakini jina langu halitaji.

Plasta ilitolewa, mkono ukatoka mwembamba na mweupe kwa magamba. Siku chache baadaye nilikuwa nafua, simu ikalia, nikaona ni baba. Nilifuta povu kwenye kanga nikapokea. Aliuliza kama mvua imenyesha huku. Nikasema imenyesha. Aliuliza watoto, nikasema wazima. Akanieleza ugonjwa ulioingia kwenye viazi, kwa kirefu, nikamwacha aeleze. Kisha nikasikia kuku wa kwetu nyuma yake.

"Ule mti," alisema. "Niliuona ukija."

Nikadhani ananiambia kwamba baadaye, akiwa chini, aliona ulivyopita. Nikamuuliza aliuona lini.

"Niliuona ukianza. Macho yangu hayana shida."

"Sasa mbona hukuinama?"

"Mbele ya mkwe?" alisema, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa suruali.

Nilisimama pale kwenye karai na mkono wangu uliokonda. Niliona yote ambayo yangetokea: gari la hospitali, baraza la wodi, daktari yule yule akivua miwani, halafu jeneza likipanda barabara ya tope mpaka Kuresoi, na watu wakisema ni ajali, ni upepo, ni mapenzi ya Mungu. Hakuna ambaye angejua kwamba mzee aliiona boriti ikija akaisubiri na shingo yake imenyooka. Ningemzika na nisingejua. Hasira ilinipanda mpaka kooni, na neno lililokuja nayo si neno ambalo mtoto humwambia mzazi wake. Nililimeza. Likarudi.

"Baba," nilimwambia, "huo ni ujinga."

Nilimsikia akipumua. Hakukata simu.